Mashua Pacha za Nakivale

Kitambaa kipya ni mwongo, wanangu. Leo kina urefu huu, kesho kikinyeshewa kinarudi nyuma kama konokono aliyeguswa pembe. Kwa hiyo kabla hujakata tanga, loweka kitambaa, kianike, kiloweke tena, kianike tena, ndipo ukilaze sakafuni na kushika mkasi. Yeyote kati yenu atakayelisahau hilo atakuja kulia mbele ya mteja, na mteja mwenyewe atakuwa amelowa chepechepe.

Nimeshona karibu maisha yangu yote hapa Mbarara. Nimeshona kanzu za arusi, sare za shule, maturubai ya malori, mapazia ya msikiti. Lakini mkiniuliza ni kazi gani iliyonifanya niamke na hamu kabla jogoo hajafungua mdomo, nitawaambia ni kazi ya matanga. Siku nilipomwambia mama yangu kwamba nimepata kazi ya matanga, aliweka mwiko chini akauliza, "Nani amekufa?" Ilibidi nimweleze kwamba si matanga ya msiba, ni matanga ya mashua. Hapo ndipo aliposhangaa zaidi, maana Mbarara tuna mto, tuna ng'ombe, tuna ndizi, lakini hata kidimbwi cha kuogeshea bata wengi hatuna.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, vita vimekwisha, watu wanarudisha mabati juu ya nyumba zao. Cherehani yangu ilikaa barazani kwa Hajji Musa, muuza mbao na misumari. Baba yangu marehemu alikuwa mtu wa Ujiji aliyekuja huku na samaki wakavu, akauza samaki, akabaki. Ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili tangu tumboni, wakati majirani wengi walikijua cha sokoni na cha kambi ya jeshi.

Siku moja akaja mzee mrefu, mkavu, ana suruali iliyofungwa kwa kamba, anatafuta misumari ya shaba. Alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, fundi wa mashua wa Ziwa Tanganyika, na makao yake yalikuwa kambi ya wakimbizi iliyo ufukweni mwa Ziwa Nakivale. Jina lake Feruzi. Hajji alipokuwa anapima misumari, mzee akasimama nyuma yangu akitazama nilivyokuwa nashona turubai la lori.

"Mama, uko na mukono ya nguvu," akasema. "Unaweza kushona tanga?"

"Naweza," nikajibu.

Sikuwa nimewahi kuona tanga hata kwenye picha. Lakini binti wa mtu wa Ujiji angejibu nini?

Nikashona kitambaa cha marekani, kipande kwa kipande, pindo zimenyooka kama reli, nikakikunja kwa fahari, nikapanda gari la mkaa hadi Rwekubo, kisha nikatembea na watu wa soko mpaka ziwani. Mzee Feruzi akalipandisha tanga langu kwenye mlingoti. Upepo ulikuwepo, nguo za watu zilikuwa zinapepea. Tanga langu likapiga makofi, likapiga makofi, na mashua ikakaa palepale kama mama mkwe aliyenuna.

Mzee akalitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "hii haiko tanga. Hii ni rido."

Rido kwao ni pazia. Watu wa ufukweni walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na tangu siku ile nikaitwa Mama Rido, mimi ambaye hata kuolewa nilikuwa bado.

Lakini mzee hakunifukuza. Alichukua ndizi mbichi kwenye kikapu cha mpita njia, akanionyesha ubavu wake. "Unaona vile imepinda kidogo? Kila kipande unapashwa kukata pindo yake hivi. Ukiunganisha kipande iliyopinda na ingine iliyopinda, kitambaa inapata tumbo. Upepo iko kama mutu ya njaa. Kama hauna tumbo ya kumupokea, anapita, anaenda kwa jirani."

Hapo, wanangu, ndipo palipo siri yote ya tanga. Tumbo lisiwe kubwa, mashua italala ubavu. Lisiwe dogo, utabaki na pazia. Na likae mbele karibu na mlingoti, si nyuma. Nilikata, nikafumua, nikakata tena. Tanga la pili liliposhika upepo lilinyamaza ghafla, likajaa, na mashua ikaondoka ufukweni kwa namna iliyonifanya nipige kigelegele peke yangu kama mwehu.

Sasa niwaambie habari ya pacha.

Wakati ule kununua mashua Nakivale kulikuwa kama kuoza binti kwa ukoo usioujua. Kila fundi alichonga yake. Moja pana, moja nyembamba, moja inavuja upande wa kulia tu. Wavuvi walinunua kwa uvumi. Mashua iliyopoteza nyavu ilisemwa ina mkosi, ikaozea majanini. Mashua iliyoleta samaki wengi wiki moja ilipiganiwa kama mbuzi wa Idi. Hajji Musa, ambaye alitaka mbao zake ziende ziwani na zisirudi, aliumwa kichwa na biashara ile.

Mzee Feruzi akamwambia, "Hajji, nipe mbao ya aina moja. Nitatengeneza kalibu moja, na kila boti itatoka kwa ile kalibu, kama tofali. Urefu moja, upana moja, mulingoti moja, tanga moja ya Mama Rido. Mapacha. Kisha tufanye mashindano, batu baone. Kama maboti yanafanana, hakuna mutu atasema ni boti ilimushinda."

"Na zikishindana, nitauza?" Hajji akauliza.

"Utauza mpaka utakosa mbao ya kitanda yako."

Zikajengwa mashua sita, zikapigwa namba kwenye omo, yaani pale mbele kabisa. Na zikawekwa sheria, na msidhani sheria zilikuwa mchezo. Mzee alikuwa na ufito mmoja wa kupimia, na kila mashua ilipimwa kwa ufito huo mbele ya watu wote. Hakuna kuchonga ubao uwe mwembamba. Hakuna kuongeza tanga hata kwa leso. Watu wawili ndani, basi. Kasia ni la kujiokoa, si la kupigia maji kisirisiri wakati wengine wanatazama ndege.

Sheria nyingine ziliongezwa baadaye, kama ile ya samli. Msicheke bado. Siku ya mashindano ya kwanza, ambayo ilikuwa Idi pili, bwana mmoja mfugaji aitwaye Rwabu alisikia kwamba mashua laini hukimbia. Basi akaja na chungu cha samli nzuri ya Ankole, ile inayonukia mpaka inakuita, akaipaka mashua yake chini, pembeni, hadi kingo za juu. Hapakuwa na sheria ya kumkataza. Mbwa wote wa ufukweni wakaja kulamba. Yeye na mwenzake wakafukuza mbwa, wakaisukuma mashua majini, wakaruka waishike kingo waingie. Mikono ikateleza. Wakashika tena, ikateleza. Mashua ikaenda zake peke yake, tanga limejaa, nzuri kweli, inaongoza mashindano, na wenyewe wamesimama ndani ya maji mpaka kiunoni wakiiita kama ndama.

Basi ikawekwa sheria. Hakuna samli.

Siku ile alishinda Sajini Opio wa kambi ya jeshi ya Mbarara, akiwa kwenye Namba Tatu. Opio alizaliwa karibu na Ziwa Kyoga, mtu mfupi mwenye mabega kama mlango, na alikuwa amekuja na mke wake na watoto kwenye lori la jeshi pamoja na familia nyingine. Namba Sita ilikuwa ya mwisho kabisa. Waliokuwa ndani waliona kichwa cha kiboko, wakaingia kwenye mafunjo kujificha, na hawakutoka mpaka sisi wengine tulipoanza kugawa pilau.

Furaha ilikuwa kubwa, na kesho yake wanunuzi wakaja kweli. Walikuja kutoka Misiera, kutoka Rwekubo, kutoka ng'ambo ya ziwa. Na kila mmoja, wanangu, kila mmoja alitaka Namba Tatu.

"Ziko tano nyingine hapa, zote pacha," Hajji akawaambia.

"Tunataka ile iliyoshinda."

"Lakini zimetoka kalibu moja!"

"Hata watoto wa tumbo moja, mmoja ni mwizi," mvuvi mmoja akamjibu, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Wakapandishiana bei ya Namba Tatu, wakagombana, na mwishowe wakaondoka bila kununua. Hajji hakuthubutu kuiuza, maana aliona wazi kwamba akiitoa hiyo, zile tano zitageuka kuni. Na Namba Sita ndiyo hata watoto waliacha kuichezea. Wakasema kiboko ameitia alama.

Mzee Feruzi aliweka ufito wake chini. Alikaa kwenye Namba Sita, amewageuzia watu mgongo. Mwaka mzima alikuwa ameuweka ndani ya mashua zile. Ndizo zilizomfanya asiwe mtu wa foleni ya posho tu. Ndizo zilizomfanya aitwe fundi. Nilimpelekea chai, akaipokea, ikapoa mkononi mwake.

Aliyetuokoa ni hasira ya Sajini Opio. Alisikia kambini kwamba watu wanaisifu mashua, wala si yeye, akaja Mbarara mpaka barazani kwa Hajji, buti zinapiga sakafu.

"Hajji, wewe sikia. Hii boti hakuna akili. Akili iko hapa," akajipiga kidole kwenye kichwa. "Nani alishinda? Mimi! Sasa mimi nasikia watu wanasema Namba Tatu, Namba Tatu. Namba Tatu alienda jeshi? Namba Tatu alizaliwa Kyoga?"

"Banange, Sajini, mimi nifanye nini? Mimi nitakula mbao?"

"Lete mashindano ingine. Mimi nipe ile ya mwisho kabisa. Ile mbovu ya kiboko. Watu wote waone."

Tulimpelekea Mzee Feruzi habari hiyo, akasimama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Bon, muzuri," akasema. "Sajini atakamata Sita. Bengine bachague kwa kura. Na Tatu..." Akanigeukia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Idi. "Tatu atakamata Mama Rido."

"Mimi? Mzee, mimi ni mshonaji!"

"Ndiyo. Banasema ile boti inashinda yenyewe. Ikubebe, tuone."

Akanipa mwenzangu, Consolata, msichana aliyekulia palepale kambini Nakivale, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Kazi yake ilikuwa kukata mafunjo ya kusukia mikeka, na ziwa lile alilijua kama mimi ninavyoijua cherehani yangu. Tulifanya mazoezi kila nilipopata nafasi ya kufika ziwani. Nilijifunza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, kwa ngozi ya viganja vyangu. Nilijifunza kupiga bisha, maana upepo ukitoka mbele huwezi kuuendea uso kwa uso. Unauendea kwa kukata upande huu, kisha upande ule, kama mtu anayepanda kilima kwa baiskeli. Nilianguka majini zaidi ya nilivyopenda, na kanga yangu nzuri mpaka leo iko chini ya ziwa.

Siku ilipofika, ufukwe haukuonekana kwa watu. Waislamu wa Mbarara na masufuria yao, wake za askari na miavuli, wakimbizi wa Misiera wamefunga maduka. Mzee Feruzi akapima mashua zote sita kwa ufito. Akanusa kingo moja moja kutafuta samli. Maboya yalikuwa majerikeni yaliyofungwa kwa mawe, moja karibu na mafunjo, moja mbali upande wa vilima, na kurudi. Kabla hatujaingia majini nikamvuta mzee pembeni.

"Mzee, nikishinda itakuwaje? Watasema kweli ni Namba Tatu. Zile nyingine hazitauzwa milele."

Akanitazama usoni. "Endesha kweli. Kama unalegeza kamba ili mimi nipate kuuza, nitajua. Nitaona tu kwa tanga. Na sitakupa tena kazi."

Ringi ya gari ikagongwa kwa chuma, tukaondoka.

Tulianza vibaya. Nilivuta demani kwa nguvu za woga, tanga likakosa pumzi, na wote wakatupita huku watu wa ufukweni wakicheka. "Mama Rido! Funga dirisha!" mtu akapiga kelele. Nikasikia masikio yanawaka.

"Dada Zainabu, usiwasikilize," Consolata akasema kutoka kwenye usukani. "Legeza kidogo. Tazama mafunjo."

Nikatazama. Wote walikuwa wamekwenda katikati ya ziwa, ambako maji yalikuwa yamelala. Lakini kule pembeni vichwa vya mafunjo vilikuwa vinainama, vinainuka, vinainama, mstari mmoja mrefu, kama watu katika swala. Upepo ulikuwa kule! Tukakata kuelekea majani, karibu kabisa, mpaka nikaogopa viboko, na ghafla tanga likajaa na kunyamaza. Mnakumbuka niliwaambia habari za kunyamaza. Tanga linalopiga kelele halifanyi kazi. Kamba ikanivuta mabega, maji yakaanza kuimba chini ya mbao, na mashua ikainuka ubavu mmoja. Tukajitupa nje kwa migongo kuisawazisha, nywele zangu zinagusa maji, na nikacheka kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi.

Tukampita Rwabu, safari hii hana samli. Tukampita wa Namba Moja, tukampita wa Namba Tano, tukampita hata Sajini. Kwenye jerikeni la kwanza tulikuwa wa pili. Kwenye la pili, kule chini ya vilima, tukazunguka tukiwa wa kwanza, na mbele yetu hapakuwa na tanga lolote, ila ufukwe mdogo mbali na kelele zake zikija vipande vipande.

Hapo ndipo moyo wangu uliponigeukia. Nilimwona Mzee Feruzi amesimama peke yake pembeni ya watu, mrefu kama mlingoti. Nikaziona akilini zile mashua tano zinaoza. Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Ningeilegeza upana wa kiganja kimoja tu, nani angejua?

Consolata aliniona. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Dada," akasema, "ukiachia kamba hiyo, nakutupa majini. Wallahi, na kiapo hicho nimejifunza kwenu."

Nikavuta. Nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Nyuma yetu nikasikia mtu anaimba wimbo wa gwaride. Sajini Opio! Namba Sita ilikuwa imetoka kule nyuma, inakuja na upepo mpya kutoka vilimani, amelala nje ya mashua mwili mzima, mwenzake naye vilevile, na anaimba! Tukabadili upande, akabadili. Tukakata mbele yake kumzuia upepo, akateleza chini yetu akaupata tena. Omo yake ikafika usawa wa tezi yetu, yaani nyuma kabisa, kisha usawa wa mlingoti. Nilikuwa naona jasho lake.

"Fundi wa tanga!" akaniita. "Hii tanga yako iko mzuri sana!"

"Na hiyo yako ni yangu pia, Sajini!"

Tukaingia ubavu kwa ubavu. Watu walikuwa wameingia majini na nguo zao. Sikusikia tena maneno, nilisikia mngurumo. Kisha upepo ukapiga mara moja ya mwisho, ukamfikia yeye kwanza kwa kuwa alikuwa upande wa vilima, na omo ya Namba Sita ikapita mti wa kumalizia uliosimikwa ufukweni ikiwa imetutangulia kwa urefu wa mkono.

Nilirukia majini nikiwa nimeshindwa, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Opio alinishika mkono akauinua juu pamoja na wake. Consolata alikuwa anapiga maji kwa viganja na kulia. Namba Tatu ya ushindi imeshindwa na mashua ya kiboko. Tukamgeukia Mzee Feruzi tuone uso wake, na wakati huohuo umati ukalipuka.

"Sita! Sita! Tunataka Sita!"

Wallahi nawaambieni. Walewale waliosema ina mkosi walikuwa wanaivuta kingo huku na huku, kila mmoja anasema yeye ndiye aliyeiona kwanza. Hajji Musa alishika kichwa kwa mikono miwili. Sajini akapanda juu ya pipa la maji akanguruma, "Nyinyi watu mko namna gani? Ni mimi! Ni mimi!" Na Mzee Feruzi, niliyedhani atavunjika, alianza kucheka. Alicheka akakaa mchangani, akacheka akalala chali, mpaka watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja kumtazama.

Katika ukimya ule akapita Mama Jeni, muuza samaki wa Rwekubo, mwanamke mnene asiyependa kupoteza jua. Alizitazama mashua zote sita zilizopangwa ufukweni.

"Juzi Tatu ilikuwa ya kwanza, leo imeshindwa," akasema. "Juzi Sita ilikuwa ya mwisho, leo imeshinda. Hajji, mimi nipe ile iliyo karibu na gari."

Watu wakatazamana. Mvuvi yule wa watoto wa tumbo moja akajikuna kidevu. "Na mimi nichukue hii inayofuata," akasema taratibu, kama mtu anayejisikiliza. Na hapo likapasuka. Kabla pilau haijaiva, hapakuwa na mashua isiyokuwa na mwenyewe, na Hajji alikuwa anaahidi nyingine kwa mbao ambazo bado zilikuwa miti msituni.

Miezi iliyofuata sikulala vizuri kwa kazi, na sikulalamika. Nilijifunza mengi ambayo nitawaonyesha kwa mikono, si kwa maneno, jinsi ya kupaka uzi nta, jinsi ya kukunja pembe mara tatu pale kamba inapofungwa, maana tanga huanza kufa pembeni. Sheria za pacha zilizidi kukazwa, ufito wa mzee ukatolewa nakala kwa chuma. Mtu akitaka kuuza mashua yake iliyotumika, mnunuzi aliuliza jambo moja tu, kama inapita kwenye kipimo. Ikipita, wanashikana mikono. Hakuna tena habari za mkosi.

Kisha ikaja siku ambayo mfanyabiashara mmoja wa samaki wa upande wa Ziwa Edward aliagiza sita kwa mpigo, na tukagundua jambo ambalo hata Mzee Feruzi hakulifikiria. Kwa kuwa zilikuwa sawasawa kabisa, ukitoa viti vya ndani zinaingiana, moja ndani ya nyingine, kama mabakuli. Mashua sita kwenye lori moja!

Nilikuwa barazani nashona kanzu ya bwana arusi, mwenyewe amekaa mbele yangu anaisubiri, niliposikia kelele zinatoka chini mjini. Watu walikuwa wanakimbia kando ya barabara. Lori likatokea, limebeba yale mabakuli yake hadi juu, na kwenye mashua ya juu kabisa, juu ya vichwa vya Mbarara yote, alikuwa amekaa Mzee Feruzi. Miaka yote ile hakuwahi kuruhusiwa kwenda mbali kuliko duka la Hajji. Sasa alikuwa na kibali mfukoni, kofia mpya kichwani, na mkono mmoja umeshika kingo kana kwamba yuko majini tayari. Consolata alikuwa nyuma yake amekumbatia usukani wa mashua. Lori lilikuwa linaelekea Ruharo, na kutoka huko barabara ya magharibi yote, mpaka ziwa ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

"Mama Rido!" mzee akapaza sauti. "Kule hakuna mushonaji! Leta sindano!"

Dereva alipunguza mwendo, hakusimama. Mama yangu, aliyekuwa ameniletea chakula, alitoka ndani akauliza kuna nini. Bwana arusi akainuka nusu kutoka kwenye kiti. Nikachomoa sindano kutoka kwenye kanzu ile, ikiwa na mkono mmoja, nikamwekea mapajani, nikashika mkasi wangu na kukimbia.

Consolata alinyoosha mkono. Nikapanda.